Njia za Kukimbilia Zipo Mlangoni Petu

Ukisimama asubuhi kwenye barabara ya vumbi inayopanda kutoka mjini Karatu kwenda Tloma, utaona watu wa aina tatu. Utaona watoto wenye sare wakienda shule. Utaona akina mama wenye majembe begani. Na utaona mgeni mmoja au wawili, mara nyingi watu wenye mvi, wamevaa raba na kaptula, wanakimbia polepole huku wakitazama mashamba ya kahawa. Huko kwao, kwa mfano katika vijiji vya Ufaransa, njia nzuri za kukimbilia mashambani huchorwa kwenye ramani na kuwekewa alama ili mtu asipotee. Hapa kwetu mgeni hana ramani, lakini ameiona njia. Sisi tunamtazama, watoto wanamfuata wakicheka, kisha tunapanda bodaboda kwenda sokoni, mwendo wa kilomita mbili.

Sina ugomvi na bodaboda. Zimewafikisha hospitalini akina mama wengi waliokuwa na uchungu usiku. Lakini nilipoanza kazi wodini, vitanda vilijaa wagonjwa wa malaria, kuhara, nimonia na kifua kikuu. Magonjwa hayo bado yapo. Ila sasa kuna benchi jingine refu, la kliniki ya presha na kisukari, na wanaokaa juu yake si matajiri wa mjini tu. Ni wakulima, walimu, wake wa wakulima, na wazee wa jumuiya. Wengine hawakujua kwamba wana presha mpaka siku walipoanguka na upande mmoja wa mwili ukapooza.

Ndiyo maana mwezi huu nataka tuzungumze juu ya njia zetu hizi. Ni nzuri, ni za bure, na dawa iliyomo ndani yake haiuzwi duka lolote.

Nchi hii ya miinuko imekwisha kutoa wakimbiaji waliojulikana dunia nzima. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili moja. Katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000. Kwa miaka mingi tamasha la michezo la Karatu, linaloandaliwa na taasisi yenye jina lake, limekuwa likiwakutanisha vijana wetu mwezi Desemba.

Yupo pia John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 misuli ilimkaza, akaanguka, goti likateguka. Alifungwa bandeji akaendelea hadi mwisho, akiwa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi kuingia uwanjani. Watu hukumbuka ule moyo wake wa kumaliza. Mimi kama muuguzi huvutiwa pia na sababu ya misuli kukaza. Mji wa Mexico upo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na yeye hakuwa amejiandaa kwa kimo hicho. Sasa tazama nyumbani: ukingo wa kreta ya Ngorongoro upo kama mita 2,300, yaani juu kidogo kuliko Mexico. Hewa iliyompa taabu ipo jirani kabisa na kwao.

Kimo hufanya nini mwilini? Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Mjini Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Pale ukingoni mwa kreta upungufu unafikia karibu robo. Moyo hupiga haraka zaidi ili kufidia. Baada ya wiki kadhaa mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na mtu huzoea. Hii ndiyo sababu mtoto wa Kitete hupanda kilima akiimba, na binamu yake aliyekuja likizo kutoka pwani husimama njiani akishika kiuno. Huyo binamu msimcheke. Mpeni siku tatu au nne za kutembea tu kabla hajakimbia, na anywe maji ya kutosha. Mwenye upungufu wa damu asikimbie kabisa mpaka atibiwe. Mwenye selimundu aongee kwanza na daktari wake, kwa sababu kimo, baridi na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali.

Tuje sasa kwenye njia zenyewe.

Hiyo ya Tloma niliyoitaja ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inapanda taratibu, udongo ni mwekundu na laini kwa miguu, na kuna kivuli cha migrevilea. Ukigeuka nyuma unaona mji wote na vilima vya Mbulu kwa mbali. Mvua za masika zikianza, utelezi wake ni kama sabuni, na wakati huo ni afadhali kutembea. Kiangazi shida yake ni vumbi. Mwenye pumu akimbie asubuhi umande ungali umelishika vumbi, ajifunge kitambaa puani pikipiki zikipita, na asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani.

Lakini njia ya Tloma ina mwisho wake, na mwisho huo ni msitu. Msitu wa nyanda za juu upo ndani ya mamlaka ya hifadhi ya Ngorongoro, na wenye msitu ni tembo na nyati. Kuna njia ya miguu inayoingia humo hadi kwenye maporomoko ya Endoro na kwenye mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe zao wakitafuta udongo wenye chumvichumvi. Ni mahali pazuri mno, ila huingii bila kibali na askari wa hifadhi mwenye silaha, na huko ni kutembea, si kukimbia. Mkimbiaji hufika ghafla mahali, na nyati hapendi kushtushwa.

Hata nje ya msitu, wanyama hawa huja mashambani usiku. Wakulima wa kandokando wanalijua hilo kuliko mimi, maana ndio wanaokesha wakilinda mahindi. Kwa hiyo sheria yangu ni hii: karibu na msitu usikimbie kabla ya jua kuchomoza vizuri, wala jioni baada ya saa kumi na moja. Ukiona kinyesi cha tembo ambacho bado kina mvuke, geuza. Ukimwona mwenyewe, simama, rudi polepole ulikotoka, usipige kelele wala kurusha mawe. Na tafadhali vijana, acheni hayo mambo ya kutoa simu ili mpige picha.

Upande wa Rhotia kuna njia nyingine, ile inayokwenda Mbulumbulu kupitia Kambi ya Simba hadi Kitete. Huku ni nchi ya mashamba mapana. Upepo unapita bila kizuizi, na ukifika juu ya ukingo wa Bonde la Ufa unaona Selela na tambarare yake mbali kabisa chini yako, kama umekaa kwenye paa la nyumba. Kwa mtu anayeanza, sehemu tambarare za njia hii zinafaa kuliko vilima. Kumbuka tu kwamba kati ya Kitete na Selela ndipo ilipo mapito ya tembo wanaokwenda na kurudi kati ya Manyara na Ngorongoro. Uliza wenyeji kabla ya kwenda. Mzee aliyekaa mbele ya duka atakuambia kama walipita jana.

Barabara ya lami, ile inayotoka mjini kwenda lango la Lodoare, ina sifa kubwa. Mbio za nusu marathoni za Ngorongoro zimetumia barabara hii kutoka langoni kuja mjini, na wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni mteremko basi ni rahisi. Mapafu yatakubali, ila magoti na mapaja yatakataa. Mtu anapoteremka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki kila hatua, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu huja kesho yake na kesho kutwa, kiasi kwamba mtu anashindwa kuchuchumaa chooni. Hayo si ugonjwa, huisha yenyewe. Lakini goti likivimba au kukwama, huo si uchovu tena, njoo upimwe.

Lami haikuwapo zamani. Ilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pamoja nayo ukaja mwendo wa kasi. Magari ya watalii yanawahi lango, malori yanawahi mnada. Kimbia upande wa kulia, ili gari linalokuja ulione usoni. Vaa nguo nyeupe au ya njano. Usikimbie watatu watatu mkishikana mikono kama mnakwenda harusini, na msikilize barabara. Vile vidude vya muziki masikioni vibaki nyumbani.

Ninyi mlio ndani ya hifadhi, Endulen, Nainokanoka na kwingineko, mnatembea tayari kuliko sisi wa mjini. Sitawafundisha kuishi na wanyama. Kwa wageni wenu ninasema tu kwamba barabara ya ukingoni mwa kreta si uwanja wa mazoezi. Ukungu wa asubuhi, hasa kati ya Juni na Agosti, huficha basi na huficha nyati. Anayetaka kutumia miguu yake huko juu aende na askari wa hifadhi Olmoti, kwenye maporomoko ya mto Munge, au ashuke Empakaai hadi ziwani. Kushuka ni raha. Kupanda tena ndipo moyo utakapokuambia ukweli wako.

Barabara ya Mang'ola inashuka upande mwingine, kuelekea ziwa Eyasi. Huko joto ni kali na kimo ni kama mita 1,000 tu. Kwa kukimbia sikushauri, ila saa za alfajiri. Naitaja kwa sababu ya majirani zetu wanaoishi kandokando ya ziwa hilo, Wahadzabe. Watafiti waliwafungia vifaa vidogo vya kupima mapigo ya moyo, wakatoa matokeo mwaka 2017. Waliona kwamba Mhadzabe kwa wastani hutumia dakika 135 kila siku katika shughuli zinazoupa moyo kazi: kutembea kuwinda, kuchimba mizizi, kufuata asali, kuchota maji. Na walipowapima, hata wale wenye umri mkubwa, presha ya juu ilikuwa kwa wachache, na mafuta katika damu yalikuwa katika hali nzuri.

Shirika la Afya Duniani linatuomba sisi wengine dakika 150. Si kwa siku, kwa wiki! Watoto ndio wanaohitaji saa nzima kila siku. Bila shaka chakula cha Wahadzabe nacho kina sehemu yake, maana hawali maandazi na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyenunua raba ili apate afya hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Nikimwambia mama wa miaka 45 kwamba mazoezi yatamsaidia, ananijibu, "Sista, mimi mtu mzima nikimbie barabarani, watu si watauliza nimefukuzwa na nani?" Huyu mama si mvivu. Analima, anabeba kuni, anakamua ng'ombe. Anaogopa macho ya watu. Na mara nyingi macho hayo ni ya mume wake au mama mkwe. Akina baba, hapa ninawaomba msaada wenu. Mama akitaka kutembea nusu saa asubuhi na wenzake, usiulize anakwenda kumwona nani. Nenda naye. Au bakia nyumbani umwandalie mtoto uji.

Tena hana haja ya kukimbia wala ya kuvaa suruali. Kutembea kwa haraka kunatosha kabisa, na kanga haizuii. Kipimo chake ni hiki: uwe unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza. Anayetaka kukimbia aanze kwa kutembea dakika kumi, kisha akimbie dakika moja, atembee dakika mbili, arudie mara sita au saba. Mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu au ya nne ndipo aongeze. Wale wanaoanza Jumatatu kwa kilomita kumi tunawaona Jumatano wakichechemea.

Kabla ya kuanza, kila aliyefikisha miaka 40 apimwe presha na sukari kwenye zahanati iliyo karibu. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni ya juu, lakini kutembea kunaruhusiwa na kunasaidia. Ikifika 180 kwa 110, kwanza dawa, kukimbia baadaye. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanayopanda taya au mkono wa kushoto, kizunguzungu au giza machoni, simama hapo hapo na utafute usafiri. Usimalizie kilima kwanza.

Na kuna hatari nyingine isiyosemwa. Mazoezi ya mara kwa mara hushusha presha, kwa mwenye presha ya juu huweza kushusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mtu mwenye 175 atabaki na 167, na bado yumo hatarini. Wapo wanaojisikia wepesi baada ya mwezi mmoja wa mazoezi, wakaacha vidonge wakisema wamepona. Presha haiumi, kwa hiyo wepesi wa mwili si kipimo chake. Endelea na vidonge, endelea kutembea, na njoo tarehe yako ya kliniki. Kama dozi inafaa kupunguzwa, daktari ataipunguza yeye. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge abebe pipi au sukari mfukoni, na akirudi akague nyayo zake kila kidole, maana huenda amechomwa na mwiba asihisi.

Nyayo zinanikumbusha maswali mnayoniuliza mara kwa mara. Je, mtu anaweza kukimbia pekupeku? Watoto wetu wengi wanafanya hivyo na miguu yao ina nguvu. Lakini kuna miiba ya migunga, kuna misumari, kuna funza. Si lazima viatu vya bei kubwa. Raba za mtumba zinazokutosha, zenye soli isiyolika upande mmoja, zinafaa. Katambuga ni za kutembelea tu. Ukichomwa na kitu kichafu, osha kwa maji na sabuni, kisha uje tuangalie kama chanjo yako ya pepopunda bado inakukinga.

Mjamzito je? Mimba ikiwa haina matatizo, kutembea ni kuzuri hadi miezi ya mwisho. Akitokwa damu, akiumwa kichwa kikali au akivimba uso na mikono, aache na aje siku hiyo hiyo.

Mwenye homa asikimbie ili "atoe jasho la malaria". Malaria haitoki kwa jasho. Apimwe, amalize dozi, apumzike, na nguvu zikirudi aanze tena kwa kutembea.

Swali la mwisho ni juu ya mbwa, maana vijiji vyetu vinao wengi na mkimbiaji huwachokoza bila kutaka. Ukimwona anakuja, acha kukimbia, simama, usimtazame machoni, rudi nyuma taratibu. Akikuuma au hata kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, tazama saa. Usipake pilipili, usipake majivu, usikifunge kwa nguvu. Kisha njoo hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hatuna tiba yake. Na wewe mwenye mbwa, siku ya chanjo ya mifugo ikitangazwa kijijini, mpeleke.